Kompyuta ya ukubwa wa kadi yaweza kuokoa kaseti za zamani Kilakala

SI ajabu kuingia nyumba ya mtu Kilakala, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo miguuni mwa milima ya Uluguru, ukakuta sanduku la kaseti juu ya kabati. Redio kaseti ilishakufa zamani, vijana wanasikiliza nyimbo kwenye simu, lakini sanduku lile hakuna anayethubutu kulitupa.

Sababu inaeleweka. Hapa ndipo palipokuwa na Morogoro Jazz, bendi iliyomkuza Mbaraka Mwinshehe kabla hajaanzisha Super Volcano mwaka 1973. Hapa pia ndipo Salum Abdallah alipoijenga Cuban Marimba, ambayo baada ya kifo chake mwaka 1965 iliendelea kutamba chini ya Juma Kilaza. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda hadi Osaka, Japan, kwenye maonesho makubwa ya dunia.

Baadhi ya nyimbo za bendi hizo zilitoka kwenye santuri, lakini nyingi za bendi za Tanzania za wakati ule zilirekodiwa kwenye mikanda ya Radio Tanzania Dar es Salaam na kuishia hewani. Aliyetaka wimbo awe nao nyumbani aliutega. Alikaa na redio kaseti yake, kidole kwenye kitufe, akisubiri mtangazaji anyamaze. Ndiyo maana kaseti ya mzee mmoja inaweza kuwa na kitu ambacho hakipo dukani wala kwenye intaneti.

Kwenye masanduku hayohayo kuna vitu vya thamani zaidi kwa mwenye nyumba: harusi ya mwaka 1985, kwaya ya kanisani, ngoma ya Kiluguru iliyorekodiwa kijijini, au sauti ya bibi aliyekwisha kufariki dunia.

Kaseti hizo zinakufa polepole. Utepe wa kaseti ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa chuma kwa gundi, na adui yake mkubwa ni joto na unyevu. Nyumba za miguuni mwa mlima zinapata vyote viwili, hasa masika, kuanzia Machi hadi Mei. Ukungu mweupe unaota kwenye utepe, gundi inalegea, na unga unabanduka. Kila unga unapobanduka, kipande cha wimbo kimeondoka na hakirudi.

Njia mojawapo ya kuokoa kilichobaki ni kuhamishia sauti hizo kwenye mafaili ya kompyuta, kisha kuyapiga nyumbani kwa kompyuta ndogo isiyokula umeme.

Kompyuta yenyewe

Inayojulikana zaidi ni Raspberry Pi, iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, na kuanza kuuzwa Februari 29, 2012. Jina hilo ni la tunda dogo jekundu lenye umbo kama la forosadi. Ni ubao mmoja tu wenye ukubwa wa kadi ya benki, hauna kioo wala kibodi, na lengo la waliouanzisha lilikuwa kuwapa watoto wa shule kompyuta ya bei nafuu ya kujifunzia.

Toleo la kwanza liliuzwa Dola 35 za Marekani. Aina ndogo zaidi, Zero 2 W, iliyotoka mwaka 2021, ilianza kwa Dola 15. Hizo ni bei za kiwandani wakati ule. Ikifika nchini, usafiri, kodi na faida ya muuzaji vinaongeza, kwa hiyo mnunuzi aulize maduka mawili matatu kabla ya kutoa fedha.

Kabla ya kwenda mbali, lisemwe jambo moja ambalo muuzaji wa vifaa hatalisema. Mtu anayetaka tu kusikiliza nyimbo 200 jioni haihitaji kompyuta hii. Sabufa ya kawaida yenye tundu la flashi inamtosha, na fedha inayobaki anunue mbegu.

Kompyuta ndogo inaanza kulipa pale nyimbo zinapofika maelfu. Sabufa inapita nyimbo kwa namba, moja baada ya nyingine, na kumtafuta Mbaraka katikati ya nyimbo 3,000 kwa kubonyeza kitufe ni adhabu. Kompyuta inazipanga kwa jina la mwimbaji, bendi na mwaka, na yeyote nyumbani mwenye simu anachagua anachotaka akiwa amekaa. Spika ni ileile sabufa, haitupwi.

Kosa la kwanza hufanyika dukani. Raspberry Pi 3 na 4 zina tundu la hedifoni la kuchomeka waya wa kwenda kwenye sabufa. Raspberry Pi 5, ambayo ni mpya na ghali zaidi, haina tundu hilo, na Zero nazo hazina. Anayenunua mpya akidhani ndiyo bora, anajikuta anarudi dukani kutafuta kifaa kingine cha USB cha kutolea sauti. Kwa kazi ya muziki peke yake, namba 3 iliyotumika, ikiwa nzima, inatosha kabisa.

Kosa la pili ni chaja. Raspberry Pi 3 inataka chaja ya volti 5 na ampia 2.5, na namba 4 inataka ampia 3. Chaja hafifu ya simu inaweza kuiwasha, lakini kazi ikizidi kompyuta inaweza kujizima na kujiwasha, na mwenye nayo anailaumu kompyuta.

Kosa la tatu ni flashi. Sokoni zipo zilizoandikwa GB 64 ambazo ndani ni GB 8. Zinapokea mafaili yote bila kulalamika, ila yaliyozidi hayafunguki. Kabla ya kumlipa muuzaji, au angalau kabla ya siku ya kurudisha bidhaa kupita, ijaze hadi mwisho kisha ufungue faili la mwisho kuingia. Lisipofunguka, flashi ni ya uongo.

Hesabu ya umeme

Ikiwa inapiga muziki, Raspberry Pi 3 au 4 inatumia kama wati 4. Ikiwashwa saa sita kila siku kwa siku 30, inakula uniti 0.72. Kompyuta ya mezani ya zamani inayotumia wati 100 kwa saa hizohizo inakula uniti 18.

Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 alilipa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na wa T1 alilipa Sh292. Kwa bei hizo, kompyuta ndogo ilikuwa na gharama ya Sh72 kwa mwezi kwa mteja wa kwanza na Sh210 kwa wa pili. Ile ya mezani kwa mteja wa T1 ilifika Sh5,256. Sabufa ina hesabu yake, na ndiyo inayokula zaidi kuliko kompyuta ndogo.

Huko juu mlimani, ambako wakulima wanashusha ndizi na mboga na nyumba nyingi zinatumia sola, hesabu inakubali pia. Wati 4 kwa saa sita ni wati-saa 24. Betri ya volti 12 na ampia-saa 7 ina wati-saa 84, na ukitumia nusu tu ili isife mapema, unabaki na 42. Paneli ya wati 20 inairudisha kwa siku yenye jua. Cha kushusha volti 12 kuwa 5 ni chaja ya simu ya kwenye gari, ilimradi iwe nzuri na iandikwe ampia 3.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na ni haki yao. Kompyuta hii haina betri. Programu zake zote ziko kwenye memori kadi, na umeme ukikatika wakati inaandika kitu kwenye kadi hiyo, kadi inaweza kuharibika na kompyuta isiwake tena. Uniti za LUKU zikiisha usiku, matokeo ni hayohayo.

Dawa ya kwanza ni kuchagua programu. Zipo za bure zilizotengenezwa kwa ajili ya muziki tu, kama Volumio, moOde na piCorePlayer. Volumio ndiyo rahisi kwa anayeanza, maana inatengeneza waifai yake yenyewe na simu inaingia moja kwa moja bila ruta. Hata hivyo, inaandika mambo yake kwenye kadi wakati ikifanya kazi.

piCorePlayer ni tofauti. Ikiwaka inajipakia yote kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuiacha kadi imepumzika, hivyo umeme ukikatika ghafla haiumii kirahisi. Inasumbua kidogo kuifunga, na kijana anayejua kompyuta atahitajika kwa saa moja au mbili. Kwa mtaa ambao umeme unakatika bila taarifa, usumbufu wa siku moja ni nafuu.

Dawa ya pili ni kutoweka nyimbo kwenye kadi ya programu. Ziwekwe kwenye flashi ya pembeni. Kadi ikifa, inaandikwa upya kwa dakika 20 na nyimbo zipo palepale.

Dawa ya tatu ni nakala ya pili, isiyokaa kwenye nyumba moja na ya kwanza. Flashi nazo hufa, tena bila kuaga. Radi ikipiga au mwizi akiingia, anayepoteza flashi yake pekee amepoteza kazi ya miezi. Nakala ya pili ikae kwa ndugu, mtaa mwingine au mji mwingine.

Wapo wanaofikiria kutumia pawabenki. Nyingi huzima kwa nukta moja umeme unaporudi, na nukta hiyo inatosha kuizima kompyuta. Ijaribu kwanza kwa kuchomoa na kuchomeka chaja mara kadhaa muziki ukiwa unapiga.

Kuifunga

Kazi yenyewe si ndefu. Programu inapakuliwa kwa kompyuta nyingine, hata ya kwenye mgahawa wa intaneti, na kuandikwa kwenye memori kadi kwa programu ya bure iitwayo Raspberry Pi Imager. Kunakili faili hilo kwa kuliburuta tu hakufai, kompyuta haitawaka. Kadi inachomekwa, flashi ya nyimbo inachomekwa, waya wa hedifoni unaingia kwenye sabufa, ndipo umeme unawashwa.

Kwa Volumio, simu inatafuta waifai yenye jina hilohilo, kisha kwenye kisakuzi inaandikwa volumio.local. Baadhi ya simu za zamani hukataa jina hilo na zinataka namba ya kompyuta badala yake. Baada ya hapo nyimbo zinaonekana kwenye kioo cha simu, na kila mmoja nyumbani anaweza kuchagua, jambo ambalo kwa nyumba yenye vijana na wazee lina magomvi yake.

Muziki hauli bando, kwa sababu unatoka kwenye flashi na si kwenye intaneti. Lakini ukiiunganisha kompyuta na waifai ya simu yako, zima data ya simu. La sivyo, kompyuta inaweza kujipakulia maboresho yake kwa bando lako.

Kuzima nako kuna utaratibu. Bonyeza sehemu ya kuzima kwenye simu, subiri taa ya kijani iache kumeta, ndipo uchomoe.

Kaseti kuwa faili

Kazi ngumu ni hii, nayo inahitaji subira kuliko fedha. Raspberry Pi haina tundu la kuingizia sauti, iwe namba gani. Kinachohitajika ni kompyuta ya kawaida yenye tundu la maikrofoni, au kifaa kidogo cha USB cha sauti, pamoja na programu ya bure ya Audacity. Waya unatoka kwenye tundu la hedifoni la redio kaseti kwenda kwenye tundu hilo.

Vifaa vingi vya bei ndogo vya USB vinapokea sauti ya upande mmoja tu. Kwa muziki wa stereo hiyo ni hasara. Kwa nyimbo nyingi za miaka ya 1960 na za redioni hakuna kinachopotea, maana zenyewe zilirekodiwa upande mmoja.

Safisha kwanza kichwa cha redio kaseti kwa pamba yenye spiriti. Kaseti yenye ukungu isiingizwe kabla ya kusafishwa, itachafua kichwa na kuambukiza zinazofuata. Izungushe kwa peni mbele na nyuma ili utepe ulionata uachie. Sauti ya redio iwe chini, kisha ipandishwe kidogo kidogo ukitazama mistari kwenye Audacity. Ikigonga juu, sauti imekatika na ni vigumu kuitengeneza vizuri baadaye.

Kaseti ya dakika 60 inachukua dakika 60 kuhamisha. Hakuna njia ya mkato. Mwenye kaseti 100 za aina hiyo ana saa 100 mbele yake, na akihamisha mbili kila jioni atamaliza baada ya siku 50.

Kuhusu nafasi, saa moja ya sauti ya stereo isiyobanwa inachukua kama MB 635. Kwa mfumo wa FLAC, unaobana bila kupoteza kitu, inashuka hadi karibu nusu. Kwa MP3 ya kilobiti 192 ni MB 86, hivyo flashi ya GB 32 inabeba kaseti 300 na zaidi. Kwa nyimbo za kusikiliza, MP3 inatosha. Kwa sauti ya bibi au ngoma ambayo haipo kwingine, tumia FLAC, maana kilichotupwa na MP3 hakirudishwi.

Andika majina siku hiyohiyo, wakati mzee anayezijua nyimbo yupo karibu. Bendi, mwimbaji, jina la wimbo, na mwaka kama unajulikana. Faili lililoandikwa "Track 01" halina tofauti na kaseti isiyo na lebo, na mzee akishaondoka hakuna wa kumuuliza.

Kwa wanaoona biashara

Mwenye saluni, mgahawa au duka la vifaa vya umeme ataona fursa hapa, na ipo. Lakini aijue sheria kabla ya kuweka kibao mlangoni.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 ilitaja maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka Mwinshehe alifariki dunia kwa ajali ya gari Januari 1979, kwa hiyo kwa hesabu hiyo tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2029. Tena mtunzi si mwenye haki peke yake, kwani wapo pia wapigaji na aliyegharamia kurekodi. Wimbo kuwa wa zamani hakuufanyi kuwa wa bure.

Kusikiliza nakala ya kaseti yako sebuleni ni jambo moja. Kuipiga kwa wateja kwenye saluni au baa ni jambo jingine, linahitaji kibali hata kama kaseti uliinunua kwa fedha yako. Kujaza watu nyimbo kwenye flashi kwa malipo ni jambo la tatu, na ndilo linaloleta matatizo zaidi. Pa kuuliza ni COSOTA, ofisi inayosimamia hakimiliki nchini.

Biashara iliyo salama zaidi ni ya kuhamisha rekodi za watu wenyewe: harusi, vipaimara, hotuba za wazee, ngoma za ukoo. Hesabu yake ianzie kwenye muda. Kwa mfano, anayetoza Sh3,000 kwa kaseti na kuhamisha sita kwa siku anapata Sh18,000, lakini amefunga redio na kompyuta kwa saa sita, akiwa hajaondoa flashi, umeme na chakula. Akiwa na duka ambalo anakaa humo hata hivyo, inalipa. Akikodi chumba kwa kazi hiyo peke yake, ni vigumu kuona faida iko wapi.

Amuandikie mteja karatasi ya kupokea kaseti yake, yenye tarehe na hali ya kaseti ilivyokuja. Utepe uliooza unaweza kukatika mikononi mwake, na harusi ya mtu haina nyingine.

Kaseti zenyewe zisitupwe baada ya kuhamishwa. Zirudishwe nyuma hadi mwanzo, zisimamishwe wima kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, mbali na ukuta wa nje na mbali na spika, kwa kuwa sumaku ya spika hufuta. Kopo lifunguliwe na kukaguliwa masika inapokwisha.